Meno ya Nakuru, Fizi za Baba

Jino la kwanza la baba lilitoka kwenye hindi la kuchoma. Tulikuwa tumesimama kando ya barabara pale Nakuru tukisubiri matatu, baba akiwa na miaka 54. Aliuma, akanyamaza, akatia vidole kinywani na kulitoa. Halikuvunjika. Lilikuja zima na mzizi wake, refu kuliko nilivyodhani jino linaweza kuwa. Akaligeuzageuza kiganjani akitafuta tundu. Hakuliona, nami sikuliona. Akalifunga kwenye leso, akalitia mfukoni, akamalizia hindi kwa upande wa pili wa kinywa.

Jino lile nililiwaza kwa miaka. Tulikuwa tumelelewa tukijua kwamba jino huliwa na mdudu: linatoboka, linauma usiku, linang'olewa. Hili halikutoboka wala halikumuuma. Lilikuwa gumu, lenye mabaka ya kahawia kama meno ya kila mtu mtaani kwetu, na bado liliachia kama embe lililoiva. Leo najua kwa nini liliachia, na ninaandika kwa sababu zipo nyumba nyingi, kule Nakuru na huku Kisumu ninakoishi sasa, ambako mtu anatema damu asubuhi akipiga mswaki, anaimwagia maji, kisha anaendelea na siku yake.

Nianze na yale mabaka, maana ndiyo yaliyotupoteza njia.

Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja, na visima vingi vya kwetu vinapita kiwango hicho. Mtoto akiyanywa miaka ile ambayo meno yake ya ukubwani bado yanajengwa ndani ya taya, ganda la nje la jino hujengeka likiwa na dosari. Jino likiota, linaota na madoa meupe kama chaki ambayo baadaye hugeuka kahawia. Rangi hiyo imo ndani ya ganda lenyewe. Hakuna mswaki unaoweza kuiondoa.

Sisi hatukuambiwa hivyo. Nilipokwenda shule ya bweni nje ya Nakuru, wasichana wenzangu waliniuliza kama nyumbani kwetu watu hawapigi mswaki. Basi nikawa naamka kabla ya kengele, nasimama nyuma ya bweni na kipande cha mkaa kilichosagwa, nasugua. Mkaa, jivu, chumvi, na likizo moja hata mchanga laini wa mtoni. Nilisugua mbele tu, pale panapoonekana mtu akicheka, kushoto kulia kwa nguvu zangu zote. Mkaa husaga ganda la jino kama msasa unavyosaga mbao, ila doa linabaki pale pale. Nyuma ya meno sikupagusa. Nani angepaona?

(Kwa wazazi wa Nakuru, kabla sijasahau: kuchemsha maji ya kisima hakuondoi floraidi. Kunaua vijidudu, na hilo ni jema, lakini maji yanapopungua kwa mvuke floraidi inazidi kukolea. Maji ya mvua hayana tatizo hilo, na Nakuru vipo vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyotengenezwa kwa kazi hiyo hasa. Kama maji ya mvua mliyokinga ni machache, mpeni kwanza mtoto ambaye hajafika miaka minane.)

Mazoea hayo ya kusugua mbele nilihama nayo hadi Kisumu, nikaolewa nayo. Halafu, nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa pili, fizi zikavimba. Asubuhi moja niliuma andazi, nikaona nimeacha alama nyekundu. Shangazi yangu aliniambia kwa simu nisiwe na hofu, kila mimba huchukua chake mwilini. Akaniagiza niache kupiga mswaki pale panapotoa damu mpaka papone. Mama alikuwa amempa baba agizo hilo hilo miaka mingi nyuma, kwa mapenzi yale yale. Nina hakika waliambiwa hivyo na mama zao.

Mimi nilikwenda kliniki, si kwa ujasiri, ni kwa sababu mwenye mimba huogopa kila tone la damu. Nikampata afisa wa afya ya kinywa, kijana mtaratibu.

"Mama, unapiga mswaki mara ngapi kwa siku?"

"Mara mbili, daktari. Na nasugua kwa nguvu."

Hakusema kitu. Akanipaka dawa nyekundu menoni kwa pamba, akaniambia nisukutue, akanipa kioo.

Yale mabaka ya kahawia niliyopigana nayo tangu utotoni yalikuwa safi. Rangi haikushika pale hata chembe. Ilikuwa imeshika mstari mwembamba pale jino linapoingia kwenye ufizi, jino baada ya jino, kama wanja. Ilikuwa imejaa katikati ya meno. Na nyuma ya meno ya chini ya mbele, pale nilipokuwa nimepaacha miaka yote, palikuwa pekundu tupu.

"Penye rangi ndipo penye ukoga," akasema. "Hii ya kahawia si uchafu, mama. Iache."

Nilikuwa na miaka 33, na hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniambia maneno hayo mawili: si uchafu. Nilishika kile kioo nikashindwa kumjibu.

Ukoga. Ni neno zuri la Kiswahili ambalo wengi wetu tumeliacha, siku hizi tunasema tu uchafu wa meno. Ninalipenda kwa sababu linataja kitu kimoja mahususi, na kitu hicho si mabaki ya ugali wala nyuzi za nyama. Ukoga ni bakteria. Dakika chache baada ya kupiga mswaki, mate hutandaza utando mwembamba wa protini juu ya jino. Bakteria huushika, huzaana, na kujitengenezea gundi ya kushikana wao kwa wao. Ndiyo maana ukisukutua kwa maji tu ukoga haubanduki. Pitisha ulimi nyuma ya meno yako ya chini sasa hivi. Pakiwa pateleza kama kikombe kilichooshwa, ni pasafi. Pakiwa na manyoyamanyoya, ndio wenyewe.

Aliyewaona bakteria hao kwanza hakuwa tabibu. Mwaka 1683 mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, aitwaye Antonie van Leeuwenhoek, alikwangua kitu cheupe katikati ya meno yake, akakitazama kwa hadubini aliyoitengeneza mwenyewe, akaiandikia Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, kwamba ameona viumbe wadogo wakitembea ndani yake. Naye alikuwa mtu msafi, aliyesugua meno yake kwa chumvi kila asubuhi. Nilipolisoma hilo nilifarijika sana. Ukoga hauwapati wavivu peke yao. Unarudi kwa kila mwenye meno na mate, kila siku, kama vumbi la Januari linavyorudi juu ya meza uliyoifuta jana.

Ukiachwa, unabadilika. Madini yaliyomo kwenye mate huingia ndani ya ukoga na kuugandisha, na katika muda wa siku chache hadi wiki mbili hivi unakuwa mgumu kama lile gamba linaloganda ndani ya birika. Hapo mswaki umeshindwa, hata ukisugua mpaka mkono uchoke. Huanza sana nyuma ya meno ya chini ya mbele kwa sababu matundu ya mate yaliyo chini ya ulimi yanafungukia papo hapo. Nilipokuwa nikimweleza nyanya ya mume wangu, Dani kama tunavyomwita, alinifungulia kinywa: meno hayo yeye hana. Waluo wa kizazi chake waling'olewa meno sita ya chini ya mbele wakiwa vijana, na sababu moja ambayo wazee huitoa ni kwamba mtu akikazwa taya na pepopunda, uji upate pa kupitia. Yaliyobaki ameyatunza vizuri kuliko mtu yeyote wa nyumba hii.

Sasa nifike kwenye damu, kwa maana hapa ndipo baba alipopotezea meno yake, moja moja.

Mwaka 1965, katika mji wa Aarhus nchini Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi zenye afya waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku ya 10 na ya 21, fizi za wote 12 zilikuwa zimewaka: nyekundu, zimevimba, zikiguswa zinatoa damu. Kisha wakaanza tena kusafisha, na katika wiki moja hivi fizi zikapona. Hawakupewa kidonge chochote. Ukoga uliondolewa, damu ikakoma.

Lisome jaribio hilo huku ukikumbuka lile agizo la shangazi yangu. Ufizi unapokaa karibu na ukoga, mwili unaona adui mlangoni na kutuma damu nyingi pale kupigana. Mishipa midogo inatanuka, ngozi ya ufizi inakuwa laini na dhaifu, na mswaki ukigusa tu, damu inatoka. Mswaki haukuumiza kitu, umegusa mahali palipokuwa pagonjwa tayari. Mtu akipaacha "papumzike", ukoga unazidi, uvimbe unazidi, damu inazidi, naye anazidi kupaogopa. Baba alikuwa ameacha kupiga mswaki upande wa kulia chini kwa miaka. Upande ule ule ndio lilikotoka lile jino la kwanza.

Mimba, nilielezwa, hailetei fizi ugonjwa yenyewe. Homoni za ujauzito huufanya ufizi uwe mkali zaidi dhidi ya ukoga uliopo, basi ukoga ambao zamani ulikuwa ukivumiliwa sasa unazua vurugu. Na kinyume chake ni sigara: inabana mishipa ya damu ya ufizi, kwa hiyo mvutaji anaweza kuona fizi zake kavu na kujiona mzima, kumbe chini mfupa unaliwa. Nina mjomba wa namna hiyo, ambaye hataki kunisikiliza, na simwachi.

Yule kijana alichukua chuma chembamba chenye alama za milimita, akawa anakiingiza taratibu kati ya jino na ufizi na kumsomea muuguzi namba. Mbili, tatu, tatu, mbili. Mpaka milimita 3 ni salama. Kwenye magego ya nyuma akasema nne, kisha tano, na nikasikia sauti yake imebadilika kidogo. Tano maana yake ufizi umeachana na jino na kufanya kimfuko ambacho mswaki haufiki ndani yake. Ukoga ukiingia humo unakaa kwa raha, na mwili katika kupigana nao unaanza kuubomoa mfupa unaoshika jino. Ufizi uliovimba tu hupona, kama wale wa Aarhus. Mfupa ulioliwa hauoti tena wenyewe. Kazi inayobaki ni kuulinda uliopo.

Nilisafishwa nikiwa na mimba ya miezi mitano, na kilichonisumbua zaidi ni mlio wa ile mashine. Wiki mbili baadaye niliuma andazi, likabaki jeupe.

Kumpeleka baba kulinichukua mwaka mzima. Aliamini, kama wazee wengi wa Nakuru niliowasikia, kwamba wakikusafisha meno wanayalegeza. Nimejifunza kutowabeza wanaosema hivi kwa sababu wameona kitu cha kweli. Mtu ambaye mfupa wake umeshaliwa, meno yake yanaweza kuwa yameshikwa na ule ukoga mgumu kama tofali na saruji. Saruji ikiondolewa, jino linacheza. Ufizi uliokuwa umevimba ukinywea, nafasi kati ya meno zinaonekana. Lakini jino lilikuwa limekwisha kulegea kabla ya fundi kufika, na ile saruji ndiyo iliyokuwa ikilibomolea nyumba.

Alipokubali, eksirei ilionyesha mfupa umeshuka karibu kila mahali. Daktari wa Nakuru alitazama fizi, akatazama umri, akauliza swali ambalo hatukulitarajia: "Mzee, umewahi kupimwa sukari?" Hakuwahi. Akapimwa, akakutwa na kisukari. Magonjwa haya mawili hulishana: sukari ikipanda fizi hushindwa kupigana na ukoga, na fizi zikiwaka sukari inakuwa ngumu kushuka. Ninamshukuru Mungu kwa swali lile kuliko kwa matibabu yote yaliyofuata. Meno manne yaling'olewa, mengine yakasafishwa mpaka chini ya ufizi kwa awamu. Baba aliwekewa meno ya bandia pale mbele na akaniambia methali ambayo nilikuwa nimeisoma shuleni bila kuihisi: jino la pembe si dawa ya pengo.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta fizi zinazotoa damu kwa karibu watu wazima wote. Labda ndiyo maana hatushtuki. Kitu ambacho kila mtu anacho kinafanana na hali ya kawaida.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Mswaki wangu ni laini. Ule mgumu niliokuwa nikiutafuta dukani kwa makusudi unakwangua ufizi na kuurudisha nyuma. Naulaza kwa mshazari ili nyuzi zake ziguse pale jino na ufizi vinapokutana, kisha nautikisa mahali hapo hapo kidogo kidogo badala ya kufagia. Naanzia nyuma ya meno ya chini, mahali nilipopadhulumu, nikiwa bado na subira. Dakika mbili ni ndefu mno ukizihesabu kwa mara ya kwanza, nami nilizoea kumaliza kwa nusu dakika. Usiku siachi kamwe hata niwe nimechoka vipi, kwa kuwa tukilala mate hupungua na bakteria hubaki na kinywa peke yao. Dawa ya meno yenye floraidi natema tu bila kusukutua kwa maji mengi, ibaki kidogo menoni; floraidi iliyotutia mabaka ni ile nyingi tuliyoinywa utotoni, si hii kidogo inayolipaka jino kwa nje. Mtoto wangu mdogo namwekea chembe kama punje ya mchele na namsimamia asimeze.

Katikati ya meno mswaki hauingii, na hili nililikataa kwa muda mrefu kwa sababu uzi wa meno ulionekana kwangu kitu cha matajiri. Nilipoutumia mara ya kwanza ulitoka na damu na harufu ambayo sitaieleza. Siku ya nane damu ilikoma, harufu ikaisha. Kijiti tunachochokolea samaki aliyenasa, tena tukiwa tumeketi mezani, kinatoa mwiba, si ukoga.

Watu huniuliza kuhusu mswaki wa mti. Neno lenyewe tumelipata huko: mswaki ni mti, ule unaoota nchi kavu za Baringo na Turkana, kabla haujawa kitu cha plastiki. Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake mwaka 1986, na kijiti kibichi kilichotafunwa ncha mpaka kikawa brashi kinaondoa ukoga vizuri mikononi mwa anayejua. Taabu ni kwamba wengi hutembea nacho kinywani wakisugua meno ya mbele tu huku wakizungumza. Kijiti na brashi ya dukani vinashindwa mahali pamoja, nyuma ya meno ya chini na nyuma ya magego. Anayekifikisha huko simwambii abadilishe.

Mwezi uliopita tulikuwa Nakuru kwa baba. Usiku nilimkuta bafuni amewasha tochi ya simu na kuishika chini ya kidevu, mdomo wazi, akijaribu kuona nyuma ya meno yake ya chini kwenye kioo kilichopasuka pembeni. Binti yangu alikuwa amesimama juu ya kigoda kando yake, naye mdomo wazi.

"Njoo unitazamie hapa nyuma," baba akasema. "Pamebaki?"

Nikainama, nikashika ile simu. Palikuwa safi mpaka kwenye jino la tatu kushoto, halafu mstari mwembamba mweupe.

"Bado kidogo, baba. Upande huu."

Akachukua mswaki, akaulaza kwa mshazari, akaanza tena.